Mgongo wa Picha

Matanga yalipokwisha, mama aliweka mezani karatasi, penseli na fremu mpya ya kioo. Marehemu alikuwa mtu wa kukwepa kamera maisha yake yote, na sasa sura yake haikuwepo popote.

"Mchore baba yako," mama alimwambia Sikudhani. "Si ndiyo sanaa uliyosomea?"

Sikudhani alisomea historia ya sanaa. Angeweza kueleza mpaka koo limkauke kwa nini mchoraji fulani wa kale aliliacha shavu moja gizani. Kuchora hakufundishwa. Lakini mama alikuwa amemkazia macho, basi akashika penseli.

Kilichotoka ni yai lenye masikio.

"Huyu nani?" mama aliuliza.

"Mama, historia ya sanaa siyo..."

"Miaka mitatu!" baba mdogo Shomari alidakia, akacheka kicheko kikavu. "Kumbe mwenzetu ulikuwa unatufanyia usanii."

Mama hakucheka. Aliitia ile karatasi kwenye fremu, akaitundika juu ya kiti cha marehemu, akaitazama kidogo, kisha akaigeuzia uso ukutani.

Sikudhani akabaki anautazama mgongo wa picha. Chuoni waliambiwa waanzie hapo siku zote, maana ndipo huandikwa jina na mwaka. Huu ulikuwa kadibodi tupu.

Mama akamrudishia penseli.

"Basi andika hapo ni nani," alisema. "Au na kuandika hawakukufundisha?"