Tundu la Nne

Tamimu alijigamba mtaa mzima kwamba michoro yake ya bodi za redio haina kosa, na anayebisha aje na miwani. Ajabu, kila alipotuma mchoro kiwandani, tundu moja la skrubu lilikosekana, na Kidawa, mkaguzi wa kiwanda, hakuruhusu bodi itengenezwe kabla ya kumpigia.

Leo simu ililia saa nne. Tamimu aliiacha ilie kidogo, isije ikajulikana alikuwa ameikodolea macho tangu alfajiri. Wiki nzima hakuna mwingine aliyempigia.

"Kaka Tamimu, tundu la nne halipo tena."

"Lo, macho haya yamezeeka kabla yangu. Huko mmeshakunywa chai?"

"Tumekunywa." Kidawa akasita. "Ila safari hii umetuma michoro miwili pamoja. Wa juzi una matundu yote manne. Kwenye wa jana umelifuta moja."

Tamimu, bingwa wa maneno, akaufungua mchoro wa juzi na kuhesabu matundu: manne kweli.

"Huu wa juzi ungekuja peke yake," Kidawa akasema taratibu, "nisingekuwa na sababu ya kupiga. Sasa nitengeneze upi?"

Hakukata simu. Nyuma yake mashine zilikuwa zimezimwa, na Tamimu alimsikia akipumua.