Majina Yanayopanda Mwishoni

Siku hizi hakuna filamu, hata ya dakika tano, inayoonyeshwa kabla mashine ya majina, inayojua yenyewe nani alifanya nini, haijaandika mwishoni kila mtu aliyeichangia. Hakuna mwenye ruhusa ya kufuta jina. Namkunda aliipenda sheria hiyo. Alikuwa ametengeneza filamu fupi kuhusu mama yake, Bi Nakijwa, fundi cherehani wa Same, na alitaka mama aione kwanza, nyumbani, kabla ya onyesho la ukumbini kesho yake.

Picha zilipokwisha, majina yakaanza kupanda polepole: aliyeshona pazia, aliyechimba kisima, mwalimu aliyemfundisha Namkunda kushika kamera. Kisha ukaja mstari: “Aliyemzaa mtengenezaji: Navoneiwa Mbwambo.”

“Mama, huyu ni nani?”

“Mdogo wangu,” alisema Bi Nakijwa bila kugeuka. “Alifariki ukiwa na siku nne. Nilikuchukua hospitalini nikasema nimekuzaa mimi. Sikumwambia mtu.”

Majina yaliendelea. Aliyemnywesha maziwa, aliyekesha naye akiwa na homa, aliyemshonea sare kila Januari, aliyeuza cherehani ya pili ili asome: Nakijwa, Nakijwa, Nakijwa, kwa dakika nzima. Namkunda aliona kwamba filamu yake yote haikuwa imemsifu mama kiasi hicho. Akamshika mkono.

“Kesho ukumbini watakuwepo ndugu wote,” mama alisema. “Lile jina haliwezi kutolewa?”

“Haliwezi, mama.”

Bi Nakijwa aliitikia kwa kichwa, akachukua kitambaa cha meza kilichokwisha kunjwa, akaanza kukikunja upya.