Bakuli la Shaibu

Bi Tunu alirudi kutoka kung'olewa gego, shavu limeumuka kama andazi. Mdogo wake, Mwanaidi, alimwekea mbele vidonge alivyopewa na daktari wa meno.

"Meza, dada, uvimbe ushuke."

Tunu alivitazama. Vilikuwa vilevile, vya rangi ya waridi, ambavyo marehemu mumewe alivimeza kwa chai ya rangi mwezi mzima. Jino lilimzuia kula, na koleo la daktari aliliogopa. Mwishowe alitapika damu. Tumbo lilikuwa limetoboka.

"Ndivyo vilivyomuua Shaibu."

"Shemeji alivila kama karanga, tena tumbo tupu," alisema Mwanaidi. "Wewe daktari kakwambiaje?"

"Aliniuliza kama nina vidonda vya tumbo. Sina. Akasema nimeze siku chache tu, na nile kwanza."

"Basi kula, mama wee! Au unangoja shavu likufike begani?"

Tunu alitaka kucheka, shavu likamkataza. Maumivu yalikuwa yamekwisha kumpanda sikioni. Aliinuka, akachukua uji uliopoa, akaumimina katika bakuli la Shaibu, lile ambalo siku zile lilikuwa likirudi jikoni limejaa. Akaunywa kwa upande mmoja wa mdomo, funda baada ya funda, mpaka ua lililochorwa chini ya bakuli likaonekana.

Mwanaidi alimsogezea maji. Tunu alichukua kidonge kimoja, lakini kilibaki kiganjani mwake, jasho likaanza kukitoa rangi.