Kilo Sabini na Nane

Luqmani aliupiga mzani teke, akaumia kidole. Mwaisha alipopanda tena, namba ilikuwa ile ile: themanini na moja. Kama juzi, kama wiki iliyopita.

"Umekula nini?"

"Pilau. Kidogo tu."

"Wapi?"

"Kwenye arobaini ya mzee Stambuli, kule Mzinga. Ningekataa sahani wangesema naringa."

"Si ungeringa!" Luqmani alifoka. "Ringa mpaka tarehe thelathini, halafu uzunguke kuwaomba radhi!"

Na dakika tano kabla ya hapo alikuwa amemwamkia shikamoo, kwa heshima zote. Ndivyo alivyokuwa kila asubuhi. Kwanza shikamoo, halafu makaripio.

Mwaisha alikuwa muuza ndizi wa stendi ya Msamvu, miaka arobaini na sita, mdomo haupumziki. Mwezi wa kwanza alianza mazoezi akiwa na kilo tisini na mbili. Alitakiwa afike sabini na nane kabla ya tarehe thelathini ya mwezi wa tano. Luqmani aliiandika namba hiyo kwa chaki juu ya kioo cha jimu yake ndogo pale Kilakala, kubwa kiasi cha kusomeka kutoka barabarani. Walimu na wanafunzi wa chuo waliokuja kunyanyua vyuma waliamini ni kwa ajili ya harusi ya Nasra, binti wa Mwaisha. Wakamtania kuhusu gauni. Yeye akacheka nao.

Tarehe ikipita, ingebidi kuanza upya, na Luqmani alishasema hana muda wa kuanza upya.

"Kwanza kichwa," alikuwa akihubiri. "Halafu sahani. Miguu ndiyo ya mwisho. Kichwa chako bado kiko stendi, kinanusa chipsi."

Hapo ndipo Mwaisha alipochoka naye. Ingekuwa bora basi kama mhubiri mwenyewe angefuata hata robo ya mahubiri yake. Alimwamuru anywe lita tatu za maji kwa siku, na yeye mwenyewe akanywa kwa kipimo cha kifuniko cha chupa. Alimwamuru apande mlima, na yeye akabaki chini, amekaa juu ya jiwe, kamba za viatu zimelegezwa, shati la mikono mirefu hata jua likiwaka, simu mkononi inahesabu dakika. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi alifunga jimu saa sita mchana akaondoka bila kuaga. Watu walisema anakwenda kumfundisha tajiri fulani mazoezi nyumbani kwake. Kesho yake alirudi na uso wa majivu na hasira mpya.

Na zile ndizi! Wiki ya kwanza Mwaisha alimletea chane nzima, mbivu, zimeshuka kutoka Matombo siku hiyo hiyo. Akazisukuma mbali bila kuzigusa.

"Toa hizo hapa."

Mwaisha alikula tatu palepale mbele ya macho yake, kwa hasira, na Luqmani akaziandika zote tatu kwenye daftari.

Asubuhi ya tarehe ishirini mvua ilikuwa imenyesha na njia ya mlimani ilikuwa tope tupu. Mwaisha alifika nusu, akateleza, akakaa chini. Mzani ulikuwa umesema themanini kamili. Siku kumi, kilo mbili, na magoti yanawaka moto.

"Sipandi!" alipiga kelele. "Umesikia? Sipandi! Nimechoka kufokewa kama mbuzi!"

"Inuka!"

"Njoo uniinue wewe!"

Alisema tu, kama watu wanavyosema wakiudhika. Lakini alipochungulia chini alimwona Luqmani ameinuka kutoka kwenye jiwe. Anapanda. Hatua nne, anasimama. Hatua tatu, anashika mti. Kifua kinapanda na kushuka, mdomo wazi, na bado anakuja, kichwa chini kama ng'ombe mkaidi.

Mwaisha aliruka kutoka kwenye tope.

"Rudi!" Sauti ilimtoka kali mpaka wabeba mboga waliokuwa wakishuka wakasimama. "Rudi chini, Luqmani! Napanda! Si unaona napanda?"

Akapanda mpaka juu bila kusimama, analia na kutukana. Siku ile hakula chochote cha stendi. Wala kesho yake. Kule Mzinga wakamwita tena kwenye shughuli, akaenda, akaringa.

Tarehe ishirini na tisa walichukua basi la alfajiri kwenda Dar. Daktari alikuwa na mzani wake na hakutaka kusikia habari za mzani wa Kilakala. Mwaisha akavua kandambili, akavua hereni, akavua hata saa, akapanda. Luqmani aligeukia ukuta.

"Sabini na saba na nusu," alisema daktari, akaandika. "Vizuri. Jumatatu nawalaza wote wawili."

Luqmani alibaki ameelekea ukutani. Mwaisha alivaa hereni zake moja moja, bila haraka, kisha akamsogelea na kumshika bega.

"Nakuonya mapema, mdogo wangu," alisema. "Hiyo figo yangu imezoea ndizi. Ole wako uinyime."