Dakika Arobaini hadi Kilimanjaro

Ndege ya haraka inavunja mifupa, na kabla ya kupanda unaweka sahihi kwamba unajua. Kutoka Vancouver hadi Kilimanjaro ni kilomita elfu kumi na nne na zaidi. Ndege ya kawaida inachukua siku nzima. Ile ya haraka inachukua dakika arobaini, na wanaoipanda ni watu wanaowahi mgonjwa.

Baba mdogo Ndekirwa alinipigia simu. "Elisaria, hali ya mama yako si nzuri. Njoo upesi."

"Anaongea?"

"Wewe njoo, mwanangu."

Nikapanda ya haraka. Tulifungwa mikanda, tukapewa mpira wa kuuma. Ilipoondoka nilisikia mbavu zangu zikikatika moja baada ya nyingine, na mwanamke wa pembeni yangu akanitapikia damu begani mpaka tukatua.

Nilifikishwa nyumbani kwa kiti cha magurudumu, nikakuta turubai limeshafungwa uani.

"Amefariki lini?"

"Jana," baba mdogo alisema. "Msiba hausemwi kwenye simu. Ungeanguka huko peke yako."

"Mazishi lini?"

"Jumamosi."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Nilimvuta kola kwa mkono uliobaki mzima, nikampiga kichwa usoni, nikarudia. Walikuja watu wanne kutuachanisha.

Kwa ile ndege mimi nilipoteza jicho la kushoto, na nikavunjika mbavu nne na mfupa wa bega. Yeye alivunjika pua na meno mawili. Mama alizikwa Jumamosi. Ndege ya kawaida ingenifikisha Alhamisi, nikiwa mzima.