Mfalme Anatazama Kushoto

Dilwyn Prosser alimkata mfalme kichwa saa nne asubuhi, huku akiimba. Kabla ya saa sita alikuwa amemkata cha pili.

Hakuna damu iliyomwagika. Mfalme mwenyewe alikuwa kwenye sarafu mbili mpya za peni hamsini, na Dilwyn, mstaafu aliyefanya kazi miaka thelathini katika kiwanda cha sarafu cha Llantrisant, alikuwa kwenye kibanda chake cha uani na jiliwa, tupa na gundi ya chuma. Alizisugua sarafu zote mbili upande wa sura mpaka zikabaki nusu ya unene wake, kisha akazigandisha pamoja zikawa sarafu moja. Akaigeuza mkononi: hakuna sura. Mgongo. Akaigeuza tena. Mgongo! Alicheka peke yake mpaka miwani ikamdondoka.

Miaka kumi na moja alikuwa akimposa Eirlys Bevan. Kila tarehe ishirini na tano Januari, siku ya wapendanao wa Wales, baada ya mazoezi ya kwaya, alipiga goti mbele ya watu wote. Na kila mwaka Eirlys, mjane mwenye ulimi wa pilipili, alimjibu, "Mimi sijui, bwana. Tumuulize Malkia."

Sarafu yenye sura ya Malkia aliitoa Dilwyn, kuirusha alirusha Eirlys. Kichwa ni hapana, mgongo ni ndiyo. Aliidaka, akaifunika kwa kiganja, akachungulia peke yake, akatangaza, "Malkia amekataa." Kisha akaitia mfukoni, ada ya usumbufu, na kumkaribisha mposaji chai na vikeki vya zabibu.

Mara kumi na moja, kichwa. Dilwyn alisema Malkia ana kinyongo naye kwa miaka yote ile ya kumgongagonga uso kiwandani.

Sasa Malkia alikuwa amepumzika, sarafu za mfalme mpya zilikuwa zimefika posta, na goti la Dilwyn lilikuwa limechoka. Binti yake huko Bristol alishamwandalia chumba. Alikuwa amemwambia Eirlys wazi: mfalme naye akikataa, anauza nyumba na kuhama kabla ya Pasaka. Eirlys aliendelea na upishi wake. Ila siku hiyo vikeki vyake viliungua, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Siku ikafika. Kwaya nzima ilikataa kwenda nyumbani.

"Piga goti, babu, kabla halijakwama!" alipiga kelele Nesta, mdogo wake Eirlys.

Dilwyn akapiga goti. Goti likalia *ka!* na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Eirlys," alisema, "utakubali nikuoe? Na leo tumuulize Mfalme." Akamfumbatisha ile sarafu, haraka haraka, asije akaikagua.

Eirlys alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Ngojeni kwanza. Nina neno." Akakohoa. "Sote hapa tunajua mfalme mpya hatazami alikotazama aliyemtangulia. Malkia alitazama kulia, huyu anatazama kushoto. Sasa kama utawala umegeuka, masharti nayo yageuke. Kuanzia leo, kichwa ni ndiyo. Mgongo ni hapana."

Ukumbi ulilipuka. Kila mtu aliifahamu bahati ya Dilwyn: kichwa, kichwa, kichwa, miaka kumi na moja mfululizo. Wanaume wa sauti ya nne wakaanza wimbo wa harusi bila kungoja. Nesta alimkumbatia dada yake huku machozi yakimtoka. Mtu mmoja tu hakufurahi, naye alikuwa bado sakafuni.

"Hapana!" alisema Dilwyn.

"Hapana nini?" aliuliza Nesta.

"Yaani... mila ni mila. Kichwa kiwe hapana, kama siku zote."

"We mzee una wazimu? Dada yangu anakufungulia mlango, wewe unataka kupita dirishani!"

"Basi tutafute sarafu nyingine. Hii nadhani ina kutu."

"Sarafu imetoka kiwandani juzijuzi, ina kutu?"

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Dilwyn alipiga hesabu. Akisema kweli, nani atamtaka tapeli mbele ya kwaya nzima? Akinyamaza, ni Bristol. Alimpenda mwanamke yule kupita kiasi, na alikuwa amejichimbia shimo kwa tupa yake mwenyewe.

"Umemaliza?" aliuliza Eirlys.

Hakungoja jibu. Sarafu ikapaa, ikazunguka karibu na taa, ikashuka, na Dilwyn peke yake ndiye aliyejua itakavyoanguka. Eirlys akaidaka, akaifunika, akachungulia.

Kicheko chake kikakatika.

Akapitisha ukucha polepole kwenye ukingo wa sarafu. Kisha, chini ya kiganja, akaigeuza, akatazama upande wa pili nao. Mwishowe akamtazama Dilwyn, ambaye alikuwa amefumba macho na kukaza mabega, kama anayesubiri sindano.

"Haya, dada, tutakesha hapa?" Nesta alishindwa kuvumilia. "Mfalme anasemaje?"

Eirlys akaitumbukiza sarafu mfukoni, chini kabisa, akaubana mfuko kwa mkono.

"Kichwa," alisema. "Tena kinatabasamu."