Kivuli Kwenye Gego la Tuva

Kwa miaka ishirini na tisa ya kuchungulia vinywa vya watu wa Mariestad, daktari wa meno Gunnel hakuwahi kuona mzazi anayeomba jino la mwanawe liwe limetoboka.

"Niambie limeoza," Sixten alisema, akisogeza kiti karibu na skrini. "Limeoza hadi mzizi."

"Baba wa aina gani wewe? Wenzako huniletea keki nisiseme hivyo."

Hakucheka. Hata polisi aliyesimama mlangoni, koti hajavua, hakucheka.

Mtaa mzima ulimjua Sixten kwa ukali wake juu ya pipi. Kwake pipi ni Jumamosi tu, kama kwa majirani wote, ila yeye alihesabu hadi makaratasi yake. Basi Oktoba iliyopita, kamera ya Gunnel, ile inayopitisha mwanga ndani ya jino na kunasa ugonjwa kabla halijatoboka, ikaonyesha kivuli kwenye gego la Tuva, bintiye wa miaka kumi na sita. Kivuli cha pipi za Jumatatu, Jumanne na kuendelea.

"Tusilichimbe, tuliangalie tu," Gunnel alishauri. Ndiyo kawaida ya madaktari wa meno wa huko, kuangalia na kusubiri.

Sixten hakusubiri. Alifoka njia nzima hadi nyumbani. Jioni ile Tuva akamjibu kwamba atakula pipi anapotaka, anakotaka, akatoka na kubamiza mlango. Mpaka leo, Mei, hajarudi.

"Kwa ulafi wake, miezi saba hii, kile kivuli kingekuwa shimo la kuegesha baiskeli," Sixten alisema. Mkononi alikuwa na pakiti ya pipi, na leo ilikuwa Jumanne. "Sitamfokea, Gunnel. We sema tu shimo lipo."

Gunnel akafungua picha mbili ubavu kwa ubavu: ile ya Oktoba, na mpya iliyotumwa asubuhi kutoka maabara ya polisi Göteborg. Akapima. Akapima tena.

"Kivuli ni kilekile," akasema taratibu. "Hakijakua hata chembe."

Wazazi wengine humkumbatia akisema hivyo. Sixten aliiweka pakiti mezani, akafunika uso.

Polisi wa mlangoni akavua kofia. Kisha akatoa fomu ambayo, tangu barafu ya ziwa ilipoyeyuka na mwili kuonekana, ilikuwa na namba tu, akaandika juu yake: Tuva.